Jitu la Magunia

Ikiwa unaye jamaa aliyehamia Marekani, pengine amekwisha kukuletea picha ya nyumba za huko katika mwezi wa Oktoba. Uwanjani, mbele ya mlango, lasimama jitu lenye kichwa cha fuvu, mikono mirefu kama matawi ya mbuyu, na kimo kinachopita paa la baraza. Usishtuke. Si uchawi, wala si sanamu ya kusujudiwa. Ni mchezo wa usiku wa tarehe 31 Oktoba, uitwao Halloween, na mara nyingi jitu hilo limeundwa na baba wa nyumba mwenyewe pamoja na watoto wake.

Jina lenyewe ni la Kikristo. Maana yake ni mkesha wa Watakatifu Wote, kwani kesho yake, tarehe 1 Novemba, ndiyo sikukuu yao, na tarehe 2 twawaombea Marehemu wote. Zamani kule Uingereza maskini walipita mlango kwa mlango siku hizo, wakapewa vijimkate, nao wakaahidi kuwaombea marehemu wa nyumba ile. Watu wa Ayalandi walichonga taa zenye nyuso za kutisha katika mizizi minene ya bustani. Walipohamia Marekani kwa wingi, hasa kwa sababu ya njaa kuu ya viazi iliyoanza mwaka 1845, walikuta maboga, ambayo ni makubwa tena ni rahisi kuchonga. Boga likabaki. Sala kwa marehemu wengi wameisahau, na watoto wapitao milangoni siku hizi wapewa peremende tu. Mimi naona ni hasara. Lakini leo nataka tuseme habari za jitu, maana ni kazi ya mikono, na watoto watapita chini yake gizani.

Mwaka 2020 maduka ya Home Depot yalianza kuuza mifupa ya mtu ya plastiki, yenye urefu wa futi 12, yaani zaidi ya mita 3 na nusu, kwa dola 299. Watu waliigombania. Hata hivyo mwenye kujua kushika nyundo aweza kupata jitu la kimo kile kwa vitu vya stoo: mbao, waya wa kuku, magunia makuukuu na magazeti yaliyokwisha kusomwa.

Kila mtu hutaka kuanza na kichwa, basi na aanze. Hupulizwa puto kubwa, kisha hubandikwa vipande vya gazeti vilivyochovywa katika uji mwepesi wa unga wa ngano. Tabaka moja likauke kabla ya kuweka la pili, ama sivyo kichwa chaoza kwa ndani. Matabaka manne au matano yatosha. Kisha hutobolewa macho, na kichwa chote hupakwa rangi ya mafuta, kwa kuwa karatasi na mvua hazipatani. Kazi hii wapewe watoto. Watachafua sakafu, na mama atanung'unika, lakini jitu ambalo mtoto amelibandika pua kwa mkono wake halimtishi usiku.

Joho ni la magunia. Mafundi wa huko wanao uji mzito mweupe wa kuzibia maungio ya kuta za ndani. Hutwaa vipimo 5 vya uji huo na kipimo 1 cha rangi ya maji, wakakoroga, wakachovya gunia humo na kulitandika juu ya kiunzi. Likikauka huwa gumu kama gome la mti, na mikunjo yake yote hubaki. Nalo huwa zito, kwa hiyo kiunzi kiwe cha mbao nene, si cha mabomba membamba ya plastiki.

Sasa tufike miguuni, mahali wanapokosea wengi. Watu humaliza siku kumi katika uso wa jitu, wakaipa miguu nusu saa. Kumbe joho lile ni tanga la jahazi. Upepo wa kilomita 36 kwa saa husukuma kila mita mraba ya tanga kwa nguvu ya karibu kilo 6. Ukifika kilomita 72, nguvu haiwi maradufu tu, bali mara nne, yaani kilo 24. Joho la mita mraba 3 basi lasukumwa kama kwa uzito wa mtu mzima, tena juu kifuani, mbali na ardhi. Jitu lisilofungwa litaanguka, na usiku ule chini yake kuna watoto wa watu.

Kwa hiyo nondo zipigiliwe ardhini kwa kina, na miguu ifungwe kwazo kwa waya. Juu zitoke kamba tatu, kila moja upande wake, zenye vitambaa vyeupe ili mtu asijikwae. Mgongoni joho litobolewe matundu upepo upite. Tena kule Marekani mabomba ya gesi na nyaya za umeme hupita chini ya ardhi. Siku kadhaa kabla ya kupigilia chuma, mtu hupiga simu namba 811, na watu huja kuweka alama bila malipo. Asiyepiga ajihesabu mwenyewe.

Mshumaa usiwekwe ndani ya jitu hata kidogo. Magunia, karatasi na mabua makavu ya mahindi yanayopambiwa huko huwaka mara moja, na nguo za watoto za siku ile ni pana, zaburuta. Taa ndogo ya betri yatosha kuyawasha macho.

Sikukuu ikiisha jitu lishushwe. Mmoja alishike, mwingine afungue kamba, ile ya upande utokako upepo iwe ya mwisho. Hesabu nondo ulizopigilia, uhesabu tena ulizong'oa, maana nyasi huzificha. Kichwa kiwekwe stoo mahali pakavu, mbali na panya, wanaopenda sana ule uji wa ngano.