Mishindo Mingi, Maana Nyingi

Leo tuyasikilize maneno ya Kiingereza yanayotaja mishindo. Yapo mengi, nayo hudanganya upesi, maana neno moja laweza kubeba mambo mawili au matatu.

Tuanze na «report». Wengi wetu twalijua: ni taarifa, kama ile ya mwalimu juu ya mtoto wetu. Lakini mlio wa bunduki nao huitwa «report». Basi mwanafunzi akisoma kwamba mwindaji alisikia «report» msituni, akaandika kwamba alipata habari, ameiharibu hadithi nzima: risasi imekwisha kulia, naye angali anangojea barua.

«Crash» ni kishindo cha vitu vinavyoanguka na kuvunjika, kama sahani jikoni. Tena ni ajali ya motokaa au ya ndege. Tena ni kuanguka kwa bei za hisa, kama kule New York mwezi wa Oktoba 1929: haikuvunjika sahani hata moja, lakini watu wengi walipoteza mali yao.

«Boom» ni mvumo mzito, kama wa mzinga. Katika biashara ni wakati wa neema, mauzo yakipanda mbio. Lakini «boom» ya mashua ni mti unaoshika tanga kwa chini, nalo halina ukoo na mshindo: lilitoka kwa Waholanzi, ambao kwao maana yake ni mti.

«Bang» ni mshindo wa ghafula, kama wa mlango uliobamizwa. Mwaka 1931 Padri Georges Lemaître, Mbelgiji, mwalimu wa Louvain, aliandika kwamba ulimwengu ulitoka katika chembe moja ya asili. Mwaka 1949 Mwingereza Fred Hoyle, asiyekubali fundisho hilo, aliliita katika redio ya BBC «Big Bang», yaani Mshindo Mkubwa. Jina likashika mpaka leo, ingawa halikuwapo sikio la kusikia, wala si kitu kilichopasuka mahali patupu, bali nafasi yenyewe ilitanuka.

Basi tufanyeje? Tusilishike neno peke yake. Tuulize: nani asema, yuko wapi, kimelia nini? Hata sisi twasema mtu ameingia kwa kishindo, na kumbe amekanyaga polepole. Mgeni ajifunzaye lugha yetu hukwama papo hapo. Tusimcheke, nasi tusione haya kufungua kamusi.