Hofu ya Mzazi Si Ujinga

Tarehe 23 Januari 2020 mji wa Wuhan, nchini China, ulifungwa ili kuzuia virusi vya korona. Humo walikuwamo vijana wetu waliokwenda kusoma. Wazazi wao hapa Tanzania hawakulala.

Wakazuka mabingwa wa kubeza. Mzazi aliyeuliza habari za mwanawe akaitwa mwoga, akaambiwa kuwa anaisumbua Serikali. Hoja hiyo ni potofu, na haina budi kupingwa.

Misri, Moroko na Aljeria ziliwarudisha raia wao mapema Februari. Nchi yetu iliwaacha wake huko huko. Uamuzi huo ulikuwa na hoja yake: kusafirisha watu kutoka penye ugonjwa kungeweza kuueneza. Lakini anayeamua kwamba mtoto wa mwenzake abaki ugenini amejitwika deni la kumweleza mzazi, kila siku, mtoto huyo anakula nini na yu hali gani. Wuhan haikufunguliwa hadi tarehe 8 Aprili, siku 76 baadaye. Mama hawezi kulishwa neno “subiri” kwa siku zote hizo.

Twawalaani wazushi, na ni haki. Hata hivyo, ofisi ikinyamaza, uvumi hujifanya msemaji wake.

Ndugu mtumishi wa umma, nawe mwalimu, cheo ni dhamana. Maradhi mengine yatakuja, na vijana wetu wangali wanasoma ng'ambo. Orodha ya majina yao na anwani za wazazi wao iandaliwe leo, kabla simu haijalia.