Siku ya kusubiri mahakamani haijapotea

Miongoni mwa Waswahili waliochukua uraia wa Marekani, kama ilivyo kwa Wamarekani wenyewe, kuna imani isiyohojiwa: barua ya kuitwa kwenye jopo la mahakama, lile la raia wa kawaida wanaoamua kesi, ni nuksi. Unaamka alfajiri, unapekuliwa mlangoni, unabandikwa namba kifuani, kisha unaketi ukumbini mbele ya televisheni isiyozimwa. Jioni karani anatangaza kwamba hamhitajiki tena, nendeni zenu. Watu hutoka wakisonya kwamba serikali imewapotezea siku. Imani hiyo ni potofu, na chanzo cha upotofu wake ni kudhani kwamba kazi ya mwanajopo huanza pale jina lake linapoitwa.

Tazama kinachoendelea kwingine katika jengo hilo hilo wakati umati unapiga miayo ukumbini. Kesi iliyopangwa kusikilizwa asubuhi ile imekwisha kujadiliwa kwa miezi. Mwendesha mashtaka anataka mshtakiwa akiri ili apunguziwe adhabu, wakili wa utetezi anakataa, na kila upande unavuta muda kuona nani atatishika kwanza. Siku ya kesi ujanja huo hukosa pa kujificha, maana watu wa kuamua wamefika na wanaweza kuingizwa mahakamani wakati wowote. Ndipo shtaka lisilo na ushahidi wa kutosha hufutwa, kampuni ya bima iliyokuwa ikimzungusha majeruhi hupandisha dau, na mshtakiwa aliyekuwa akibahatisha hukiri. Mawakili hunong'onezana kwenye korido, jaji anaarifiwa, kesi inakwisha. Kilichowasukuma ni watu waliokaa ukumbini bila kusema neno. Kwa bahati mbaya, mara nyingi hakuna anayerudi kuwaeleza.

Mpinzani atanikumbusha takwimu za Mahakama ya Juu ya Marekani yenyewe. Katika hukumu ya Missouri dhidi ya Frye, mwaka 2012, Jaji Anthony Kennedy aliandika kwamba asilimia 97 ya hatia katika mahakama za shirikisho, na asilimia 94 katika zile za majimbo, hutokana na washtakiwa kukiri. Kama kesi zinazofika mbele ya jopo ni chache hivyo, jopo ni la nini? Hoja ni nzito, ila inaelekea upande wangu. Bei ya makubaliano hayo hupangwa kwa kukisia jopo lingeamua nini. Liondoe, na mwendesha mashtaka atataja bei aitakayo. Wapo pia wanaokiri kwa kuogopa kifungo kirefu tu, na hilo ni doa kubwa la mfumo ule. Lakini doa hilo halifutwi kwa kumnyang'anya mshtakiwa mahali anapoweza kusema: sikubali, thibitisheni.

Wengine huuliza kwa nini wanaitwa watu wengi wakati jopo la kesi kubwa ya jinai kwa kawaida ni watu 12. Sababu ni kwamba lazima wawepo wa kuchujwa. Huyu ni shemeji wa shahidi, yule amekwisha amini kwamba polisi hawasemi uongo, na mawakili nao wana haki ya kuwakataa baadhi. Ukumbi ukiwa na watu wa aina moja, jopo nalo litakuwa la aina moja. Mwaka 1955 huko Mississippi, wanaume 12 Weupe waliwaachia huru watu wawili walioshtakiwa kumuua Emmett Till, kijana Mweusi wa miaka 14, baada ya kujadiliana kwa muda uliozidi saa moja kidogo tu. Wanajopo walitoka kwenye orodha ya wapiga kura, na katika kaunti ile Weusi hawakuwa wameruhusiwa kujiandikisha. Haki ilikwisha kupotea kabla shahidi hajafungua kinywa, kwa sababu ya nani aliitwa na nani hakuitwa. Leo dereva wa lori au muuguzi wa zamu ya usiku akitafuta kila kisingizio asiende, anapunguza kwa hiari yake kile ambacho wengine walinyimwa kwa nguvu.

Kuna wanaosema bora jaji peke yake, amesoma. Swali la jopo, hata hivyo, si la vifungu vya sheria, maana hivyo jaji huvieleza. Ni kama shahidi huyu anasadikika. Wakoloni wa Kenya waliijua vizuri tofauti hiyo ya jaji na jopo. Mwaka 1941 Sir Jock Delves Broughton, aliyeshtakiwa Nairobi kumuua Lord Erroll, aliamuliwa na jopo la Wazungu wenzake, likamwachia. Jomo Kenyatta na wenzake watano waliposhtakiwa Kapenguria mwaka 1952, mwamuzi alikuwa hakimu mmoja, Ransley Thacker, akawatia hatiani Aprili 1953. Jopo walijiwekea wenyewe.

Pingamizi lenye uzito kweli ni la mfukoni. Mahakama za shirikisho hulipa dola 50 kwa siku, na California kwa kawaida hailipi chochote siku ya kwanza. Kwa anayelipwa kwa saa, hiyo ni kodi ya nyumba inayomegwa. Lakini Massachusetts humlazimisha mwajiri kulipa mshahara wa siku 3 za kwanza, na majimbo kadhaa yana utaratibu wa siku moja au kesi moja, kisha mtu huachwa. Kwa hiyo ubaya uko kwenye malipo, na malipo ya mahakama za jimbo hubadilishwa na wabunge wa jimbo.

Basi barua ikija, jaza fomu kwa ukweli. Kama bado huna uraia, sema hivyo, kwa kuwa kujidai raia kunaweza kukuponza. Kama ni raia, nenda, ukae, na jioni ukirudi mwandikie mbunge wa jimbo lako adai siku hiyo ilipwe.