Uvira: Parechoki ya chuma inalinda gari. Nani anamlinda anayekuja nyuma?

Mvua ikinyesha kwenye milima ya juu ya Uvira, mashofere wanajua kinachofuata. Mto unashusha mawe, barabara inakatika, na gari inalazimika kushuka ndani ya korongo na kupanda upande wa pili. Mbele inapita, nyuma ndiyo inagonga. Parechoki ya plastiki iliyotoka nayo kiwandani inapasuka, na siku chache baadaye gari iko kwa fundi wa kusudere, inapimwa parechoki nyingine ya chuma kitupu.

Kazi hii imezoeleka kuanzia Kavimvira mpaka Kalundu, na kuna mafundi wanaolisha familia nayo. Wenye gari nao wanaipenda, juu chuma hakivunjiki ovyo, kinasaidia kuvuta gari iliyokwama, na kinabeba gurudumu la akiba. Lakini chuma kilichofungwa vibaya kinahamisha hatari tu. Kinaitoa kwenye gari na kuipeleka kwa abiria aliyekaa nyuma, au kwa motari anayefuata gizani.

Barabara ndiyo inaagiza chuma

Barabara ya kitaifa namba 5 inatoka Bukavu, inateremka Ngomo, inapita Kamanyola, Luvungi, Sange na Kiliba mpaka Uvira. Kisha inafuata ziwa kwenda Makobola, Mboko na Baraka, ikielekea Kalemie. Upande mmoja ni mlima, upande mwingine ni bonde la Ruzizi au maji ya Tanganyika. Kila mto unaoshuka unaivuka barabara hiyo kabla ya kufika chini.

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, Mulongwe na mito mingine ilifurika mjini Uvira. Makumi ya watu walikufa na maelfu ya nyumba zilibomoka. Mwaka 2021, na tena 2024, ziwa lenyewe lilipanda na kuingia kwenye kartiye za kando. Vita navyo, vilivyofika Bukavu Februari 2025 na Uvira mwishoni mwa mwaka huo, havikuacha nafasi ya kutengeneza barabara.

Hapo kuna jambo la kuangalia. Nchi ina mfuko wa matengenezo ya barabara, FONER, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2008. Feza zake zinatoka hasa kwenye bei ya mafuta na kwenye peage. Maana yake, mwenye gari anayenunua mafuta kwenye pompu amekwisha kuchangia barabara. Akivunjikiwa parechoki, anamlipa fundi pia. Analipa mara mbili kwa shimo lile lile, na shimo linabaki pale pale.

Namna parechoki nzuri inavyojengwa

Fundi anayejua kazi haanzi na moto, anaanza na mita. Anatoa parechoki ya zamani, anaingia chini ya gari, anatafuta vichwa viwili vya shasi, anapima nafasi kati yao na urefu wake kutoka ardhini. Vipimo hivyo ndivyo vinaamua kila kitu.

Mwili wa parechoki mara nyingi ni chuma cha mraba au cha umbo la U, chenye unene wa milimita 3 au 4. Ncha mbili za pembeni zinakatwa kwa mshazari kuelekea juu, ili gari ikitoka kwenye korongo zisichimbe udongo. Pembe zinazunguushwa. Pembe kali ya chuma ni kama panga lililofungwa nyuma ya gari.

Kisha mikono miwili ya chuma inaunganisha parechoki na shasi. Hapa ndipo kazi nzuri inajulikana. Mikono hiyo inafungwa kwa buloni, hairishwi moja kwa moja kwa kusudere juu ya shasi. Moto unabadilisha nguvu ya chuma cha shasi, na baadaye kinaweza kupasuka pembeni ya mshono. Tena, parechoki iliyofungwa kwa buloni inaweza kutolewa ikipinda. Kwenye kichwa cha buloni kuna namba: 8.8 ni buloni ngumu inayofaa kazi hii. Isiyo na namba yoyote, usiiamini.

Parechoki inashikwa kwanza kwa nukta chache ikiwa kwenye gari, ili ikae sawa. Halafu inashushwa, na mishono mikubwa inafanyiwa chini. Gari nyingi za 4x4 zina tanki la mafuta nyuma, na kusudere karibu na tanki ni kucheza na kifo. Hata kwa zile nukta chache, waya wa betri unatolewa, tanki na mipira ya mafuta inakingwa, na ndoo ya mchanga inakuwa karibu.

Kasoro za umeme na za bageti

Mafundi wengi wanategemea umeme wa SNEL unaotoka kwenye mitambo ya Ruzizi. Umeme ukiwa na nguvu kidogo, bageti inayeyuka lakini moto hauingii ndani ya chuma. Mshono unakaa juu juu kama ubani uliobandikwa. Unaonekana mnene, tena unapendeza, lakini gari ikivutwa mara moja unabanduka. Bageti zilizolowa unyevu zinaleta ubaya ule ule: mshono unajaa matundu madogo.

Rangi nyeusi inafunika yote hayo. Kwa hiyo mwenye gari aende kuangalia mshono kabla haujapakwa rangi. Mshono mzuri ni sawasawa, hauna matundu, na umeshika pande zote mbili. Fundi mzuri hatakasirika kuulizwa.

Gari zisizo na shasi

Land Cruiser, Hilux na Prado zina shasi ya chuma kizito chini ya mwili, ndiyo maana zinavumilia kazi hii. Lakini RAV4, Noah na gari ndogo nyingi za mjini hazina shasi ya namna hiyo. Mwili wa gari ndio unaobeba kila kitu. Ukizifungia kilo 40 za chuma nyuma, buloni zinashika tole nyembamba tu. Baada ya miezi ya mashimo, tole inachanika, maji yanaingia, kutu inafuata.

Kuna jambo jingine. Parechoki ya kiwandani na sehemu zilizo nyuma yake zimetengenezwa ili zijikunje kidogo zinapogongwa, zimeze sehemu ya nguvu. Chuma kigumu hakijikunji. Nguvu yote inapita mpaka kwenye kiti, na shingo ya abiria ndiyo inaipokea. Kwa hiyo anayesema gari yake haikupata hata mkwaruzo asifurahi haraka. Aulize kwanza waliokuwa ndani wanajisikiaje.

Uzito nao una hesabu yake. Chuma cha mraba cha sentimita 10, chenye unene wa milimita 4, kina karibu kilo 12 kwa kila mita. Mita moja na nusu ni kilo 18. Ongeza mikono, kishikio cha gurudumu, gurudumu lenyewe, na bido mbili za mafuta: unafika kilo 100, sawa na mifuko miwili ya simenti inayoning'inia nyuma ya magurudumu. Nyuma inashuka, mbele inakuwa nyepesi, na usukani hautii vizuri. Anayejua kona za Ngomo anaelewa maana yake.

Kamba ya kuvuta

Karibu kila parechoki ya mtaani ina pete ya kuvutia. Gari ikikwama kwenye tope, mnyororo unafungwa hapo, na watu wanajaa kuangalia. Pete ikiwa imesuderiwa vibaya, inang'oka na kuruka na mnyororo wake kwa nguvu inayoweza kuua. Pete inapaswa kupitisha nguvu yake moja kwa moja kwenye shasi. Na watu wasimame mbali, hasa watoto.

Bido nyuma, na kumbukumbu ya Sange

Mafuta hayapatikani kila mahali kwenye njia ya Fizi, kwa hiyo wengi wanaomba fundi aongeze vishikio vya bido kwenye parechoki. Inaonekana ni akili. Lakini nyuma ya gari ndipo lori lililokosa breki linafika kwanza. Bido ya esanse ikipasuka hapo, cheche moja ya chuma kwa chuma inatosha.

Wakaaji wa bonde la Ruzizi hawahitaji kufundishwa habari ya moto wa mafuta. Tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka Sange. Watu walisogea, wengine wakichota esanse iliyomwagika, wengine walikuwa karibu tu, wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Moto ulipolipuka, watu zaidi ya 230 walikufa. Lori si bido ya lita 20, ni kweli. Lakini esanse ni ile ile, na gari iliyojaa abiria haina milango mingi ya kukimbilia.

Bido ya maji kwenye parechoki haina shida. Ya esanse, hapana.

Nani afanye nini

Sheria ipo. Code de la route ya tarehe 30 Agosti 1978, sheria namba 78-022, inataka gari iwe na taa nyekundu nyuma na namba inayosomeka. Parechoki nyingi za mtaani zinaziba taa au namba, au kishikio cha gurudumu kinasimama mbele ya taa moja. Usiku, motari anayekuja nyuma anaona taa moja tu, anadhani ni moto mwenzake, anajaribu kupita pembeni. Kumbe kuna chuma. Fundi anaweza kumaliza tatizo hilo kwa kutoboa nafasi mbili na kuhamishia taa ndani ya parechoki, kazi ya saa chache. Kamba mbili za kung'aa pembeni ni za feza kidogo.

Polisi ya barabarani nayo, ukaguzi wake usiishie kwenye karatasi. Kuinama na kuangalia taa, namba na bido kunachukua dakika moja. Na kama kuna gari zinazohitaji kweli chuma nyuma, ni malori yanayopakia Kalundu. Mengi mkia wake uko juu na chini ni wazi, na gari ndogo au moto ikigonga inaingia chini yake mpaka kichwa cha shofere. Huko, chuma kinachoshuka chini kingeokoa maisha. Lakini mwenye lori haoni faida, juu anayekufa si yeye.

Mafundi wa Uvira hawastahili kulaumiwa. Wanajibu shida iliyo mbele yao kwa chuma walichonacho na umeme wanaoupata. Shirika la raia na chama cha mashofere wanaweza kukaa nao na kukubaliana mambo machache: buloni kwenye shasi, pembe za mviringo, taa zinazoonekana, hakuna esanse nyuma. Hilo halisubiri Kinshasa.

Barabara, hiyo inaisubiri Kinshasa, na ina haki ya kudaiwa. Kila parechoki inayotoka kwa fundi ni kama barua ya malalamiko iliyoandikwa kwa chuma, na mwenye gari amekwisha kulipia jibu kwenye pompu.