Tairi la Milimani Hupimwa Ubavu, si Meno

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii yawafaa sana wanunuzi wa matairi ya baiskeli za milimani. Aghalabu mnunuzi huingia dukani, akavutiwa na meno makubwa ya tairi, akalipa na kuondoka pasipo kuugusa ubavu wake. Ilhali penye mawe makali, tairi haliuawi menoni, huuawa ubavuni.

Tuchukue mfano wa mbuga ya Hell's Gate, karibu na Naivasha. Mbuga hiyo, iliyotengwa mwaka wa 1984, ni miongoni mwa mbuga chache nchini ambamo mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli kati ya pundamilia na twiga. Wanafunzi, vijana na familia nzima hukodi baiskeli nje ya lango wakaingia. Lakini ardhi ya huko ilizaliwa na volkano. Miongoni mwa mawe yake limo jiwe jeusi ling'aalo mfano wa kioo, ambalo likivunjika hutoa makali ya wembe. Watu wa kale wa Bonde la Ufa walilichonga jiwe hilo wakapata visu na ncha za mikuki. Jiwe lililotosha kumchuna mnyama halitashindwa na tairi jembamba.

Yapaswa ieleweke kwamba tairi, chini ya mpira wake, ni kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi. Watengenezaji huhesabu nyuzi hizo kwa kila inchi moja na kuiandika hesabu hiyo kwenye bidhaa yao. Wengi hudhani kwamba nyuzi 120 ni bora kuliko nyuzi 60, kwa kuwa idadi ni kubwa zaidi. Sivyo hata kidogo. Nyuzi zikiwa nyingi huwa nyembamba, na tairi huwa jepesi na laini. Zikiwa chache huwa nene, na tairi huwa gumu na lenye kustahimili mikwaruzo. Isitoshe, wako watengenezaji wanaojumlisha nyuzi za tabaka zote, hivyo tarakimu pekee haitoshi kuwa shahidi. La maana zaidi ni kuuliza iwapo ubavu umeongezwa kitambaa cha kinga, na iwapo tairi lina tabaka moja au mawili. Kampuni ya Maxxis, kwa mfano, huandika EXO kwenye matairi yake yaliyotiwa kinga hiyo ubavuni. Asiyejua kusoma alama hizo na alibonyeze tairi kwa vidole: ubavu unaokunjika kama karatasi utakatika kama karatasi.

Wako watakaosema kwamba tairi nene ni zito na lachosha. Ni kweli. Tairi jepesi la mashindano laweza kuwa na gramu 700 au pungufu, na lenye tabaka mbili likapita gramu 1,000. Tofauti hiyo huhisiwa kila penye mwinuko. Lakini ni nani aliye mwepesi zaidi: aendaye polepole kidogo hadi mwisho wa safari, au yule aliyekwenda mbio kilomita tano kisha akaibeba baiskeli begani? Tena si lazima magurudumu yote mawili yavikwe silaha sawa. Gurudumu la nyuma ndilo libebalo sehemu kubwa ya uzito na kugongwa zaidi na mawe. Hilo lipewe tairi imara zaidi, na la mbele liwe jepesi kiasi.

Wengine huweka tumaini lao lote katika mfumo usiotumia tyubu, ambamo majimaji mfano wa utomvu hutiwa ndani ya tairi ili yazibe matundu. Mfumo huo ni mzuri, nasi twausifu, hasa kwa miiba ya migunga iliyojaa katika nchi yetu. Hata hivyo, majimaji hayo huziba tundu la mwiba. Hayashoni jeraha refu la ubavuni. Nayo hukauka baada ya miezi michache, na mapema zaidi penye joto, kwa hivyo sharti yaongezwe. Anayetumia tyubu naye achunge upepo. Ukipungua mno, jiwe huibana tyubu dhidi ya rimu na kuitoboa matundu mawili pacha, kana kwamba imeumwa na nyoka. Ukizidi mno, tairi hurukaruka juu ya mawe na kukosa mshiko.

Hoja yetu kuu, hata hivyo, yawahusu wanaokodisha baiskeli. Nyingi ya baiskeli za milimani zinazouzwa nchini ni mitumba kutoka ng'ambo, na baadhi huja na matairi yaliyokaa miaka mingi hata mpira wake ukapasukapasuka ubavuni. Kumkodishia mgeni baiskeli ya namna hiyo, akaingia nayo mbugani mlimo nyati, si biashara. Ni kumcheza shere. Mtoto wa shule aliyekwama jua kali likimchoma, mbali na lango, hana fundi wala pampu, naye nyati hatamwuliza kwa nini anatembea.

Twapendekeza basi kwamba kila mkodishaji ayakague matairi yake kila asubuhi, ayatupe yaliyochanika, na ampe mteja pampu, viraka na kipande cha tairi kuukuu cha kutegemeza ndani palipokatika. Wateja nao wasione haya kuubonyeza ubavu kabla ya kulipa, na kuikataa baiskeli isiyofaa. Waagizaji wa bidhaa kutoka nje nao watuletee matairi yanayoilingana ardhi yetu, si yale yaliyokusudiwa njia laini za misitu ya Ulaya.

Rahisi ghali, walisema wahenga. Anayenunua matairi matatu dhaifu kwa mwaka mmoja amelipa zaidi ya aliyenunua moja imara, na juu ya hayo amepoteza siku zake kandokando ya njia. Mawe ya Hell's Gate yalikuwapo kabla yetu na yatabaki makali baada yetu. Sisi ndio tupaswao kubadili tunachokwenda nacho.