Mshale wa Spidi Unapocheza

Akina mama wenzangu, mwezi huu tutoke jikoni kidogo, tuingie garini. Najua wapo watakaosema hayo ni mambo ya baba. Lakini sisi ndio tunaokaa kiti cha kushoto na watoto wako nyuma yetu, basi na tuongee.

Hapa kwetu Kunduchi tuna Hiace kuukuu tuliyoigeuza nusu nyumba. Viti vya nyuma tumevitoa, tumetandika godoro, na pembeni tumeweka sufuria, jiko dogo la gesi na dumu la maji. Kila Desemba hutupeleka Moshi; tukichoka tunaegesha mahali penye usalama, tunapika, watoto wanalala.

Mwaka jana mshale wa spidi ulianza kucheza. Gari likienda polepole unatetemeka kati ya 20 na 60 kama mgonjwa wa malaria. Likishika kasi unatulia. Baba watoto akasema anaujua mwendo wa gari lake kwa sikio. Nikanyamaza. Asubuhi moja pale Mtongani, mahali watoto huvuka Barabara ya Bagamoyo, alitupia jicho mita, ikasema 40. Mara mtoto mwenye sare akachomoka mbele ya bajaji. Breki zililia, gari likasimama hatua mbili tu kutoka alipo. Mtoto alitutazama, akarekebisha begi lake, akaenda zake. Hatukusemezana mpaka Tegeta. Sheria inaruhusu kilomita 50 kwa saa penye makazi, nasi mpaka leo hatujui tulikuwa tunakwenda ngapi.

Fundi wa kwanza hakufungua kitu. Alitaka tununue mita nzima ya mtumba. Bei aliyotaja ilinikumbusha ada ya muhula, nikamwomba mume wangu tusubiri. Fundi wa pili, mzee mmoja afanyaye kazi chini ya mwembe, aliuliza kwanza: "Mama, zile namba za kilomita zinahesabu?" Nikamwambia zinahesabu. "Na kuna sauti?" Ipo, nikasema, kama kifaranga nyuma ya dashibodi. Akacheka. "Basi mita ni nzima. Tuanze na waya."

Akatueleza kwa subira. Katika magari ya zamani kuna waya mrefu ndani ya mpira, unaotoka kwenye giaboksi hadi kwenye mita. Magurudumu yakizunguka, nao unazunguka, na kule juu unazungusha sumaku ndani ya kikombe chepesi cha alumini. Sumaku haikigusi kikombe. Inakivuta tu, nacho kinasukuma mshale, huku springi ndogo ikiuzuia. Mjerumani Otto Schulze ndiye aliyepata hataza ya ufundi huo mwaka 1902. Waya ukikauka au ukipinda, hukwama kidogo kisha hujiachia ghafla, na mshale nao huruka.

Wetu ulikuwa mkavu na una kutu, na hapa pwani hewa ya chumvi haina huruma. Aliusafisha kwa mafuta ya taa, akauviringisha juu ya meza: waya ulionyooka huviringika vizuri, wetu ulirukaruka. Ulipinda siku tulipofungiwa redio. Tukanunua mpya, akaupaka grisi nyembamba, lakini sehemu ya juu karibu na mita hakuipaka kabisa, maana grisi hupanda ikaharibu mita yenyewe. Hilo mwangalie fundi wako, wengi hupaka kama siagi kwenye mkate.

Mshale ukilala sifuri na namba zisihesabu, huenda waya umekatika au kigia cha plastiki kule kwenye giaboksi kimelika. Namba zikihesabu sawasawa, waya ukawa mzima, na mshale bado unayumba, hapo ndipo mita yenyewe ishukiwe. Magari ya karibuni, kama Hiace za umbo lililoanza 2004, hayana waya huo. Yana sensa na nyaya za umeme. Humo mshale ukicheza unapowasha taa au feni, mwambie fundi wa umeme aangalie kwanza viungio vyenye kutu na waya wa kwenda bodi. Na ukiona mita inapunguza mwendo siku zote bila kuruka, tazama matairi: makubwa kuliko yale ya kiwandani hufanya hivyo.

Kupima ni rahisi. Simu nyingi za kisasa huonyesha spidi kwenye ramani. Au dereva ashike mwendo mmoja, nawe uhesabu sekunde toka kibao kimoja cha kilomita hadi kingine. Sekunde 72 ni kilomita 50 kwa saa, 60 ni 60, 45 ni 80.

Desemba tulipokuwa kati ya Bagamoyo na Msata nilihesabu. Mshale ulisimama kwenye 80 bila kutikisika, nami nikapata sekunde 47. Mzee alikuwa ametuambia mita nyingi hutengenezwa zizidishe kidogo. Baba watoto akaniomba nihesabu tena kibao kinachofuata.