KIFUA CHA MCHEZAJI NI MALI YA NANI?



Hapa Fordsburg, Johannesburg, ukitaka kujua Waswahili wanafikiri nini usiende kwenye mikutano yao. Nenda jioni upande wa Mint Road, maduka ya Oriental Plaza yakishafungwa, ukae na chai yako ya maziwa penye Mtanzania, Mkongo, Mrundi na Mkenya. Hivi majuzi ubishi ulikuwa juu ya mishahara ya wachezaji wa mpira wa kikapu Marekani. Kijana mmoja alisoma kwenye simu yake kwamba mshahara wa Stephen Curry kwa msimu wa 2025/26 ni takriban dola milioni 59.6. Tukagawa kwa mechi 82. Inakuja zaidi ya dola laki saba kwa mechi MOJA.

Mzee mmoja akaguna. "Huo ni wizi mtupu. Mtu anatumbukiza mpira kapuni analipwa kuliko hospitali nzima ya mkoa!" Wengi wakamuunga mkono. Mimi sikumuunga mkono, na kwa kuwa chai ilikwisha kabla sijamaliza maneno yangu, nayaleta hapa.

Sisi tunauliza kwa nini Curry anapata nyingi. Swali hilo halitusaidii kitu. Swali la maana ni hili: kwa nini yeye anajua ligi yake inaingiza kiasi gani na fungu la wachezaji ni lipi, na kijana wetu anayecheza Dar, Mombasa, Bujumbura au Goma hajui hata jezi aliyovaa imeuzwa kwa nani na kwa bei gani?

Tuanze na hesabu za wenzetu. Mwaka 2024 NBA ilisaini mikataba ya televisheni na Disney, NBCUniversal na Amazon, ya miaka 11, yenye thamani ya kama dola bilioni 76. Fedha hizo hazibaki zote mifukoni mwa matajiri wenye timu. Kwa makubaliano kati ya ligi na chama cha wachezaji, karibu nusu ya mapato yanayotokana na mchezo huwa ni ya wachezaji. Hapo ndipo kikomo cha mishahara cha kila timu kinapokokotolewa. Msimu wa 1984/85 kikomo kilikuwa dola milioni 3.6 kwa timu. Msimu wa 2025/26 ni dola milioni 154.6. Mapato yakipanda, mshahara unapanda, kwa kanuni iliyoandikwa na siyo kwa huruma ya mtu. Mchezaji mgeni kabisa, wa kiwango cha chini kuliko wote, akimaliza msimu huo anapata takriban dola milioni 1.27.

Hata tuzo zao zimeingizwa kwenye hesabu. Mchezaji mwenye sifa zinazotakiwa akishinda tuzo ya Mchezaji Bora wa msimu, au akitajwa katika vikosi bora vya ligi, anaweza kuruka ngazi ya mshahara kutoka asilimia 25 ya kikomo hadi 30, au kutoka 30 hadi 35. Asilimia 5 ya milioni 154.6 ni zaidi ya dola milioni 7.7 kwa mwaka wa kwanza tu. Wanaopiga kura hizo ni jopo la waandishi na watangazaji wapatao 100. Na tangu msimu wa 2023/24, mchezaji asiyefikisha mechi 65 hahesabiki kwa tuzo nyingi kubwa. Unaweza kuupenda utaratibu huo au kuuchukia. Mimi sipendi mwandishi wa habari ashike mshahara wa mtu mkononi. Lakini kila mtu anaujua kabla mpira haujarushwa.

Je, walipewa tu? Hapana. Tarehe 14 Januari 1964, mjini Boston, nyota wote wa ligi walikusanyika kwa mechi ya maonyesho iliyokuwa inarushwa na televisheni. Wakajifungia chumba cha kubadilishia nguo, Bill Russell, Oscar Robertson, Jerry West, Elgin Baylor na wenzao, wakasema hatutoki mpaka tuahidiwe pensheni. Wenye timu walitishia. Muda ukayoyoma, televisheni inasubiri. Mwisho mkuu wa ligi, Walter Kennedy, akaahidi, ndipo wakatoka kucheza. Wakati huo wachezaji wengi walikuwa wanatafuta vibarua msimu ukiisha. Kumbukeni hilo, nitalirudia.

Sasa tuje kwa mtoto wetu wenyewe. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, aliyesoma Makongo kisha Chuo Kikuu cha Connecticut, alichaguliwa na Memphis Grizzlies akiwa WA PILI katika drafti nzima ya NBA. James Harden alikuwa wa tatu. Huyo Curry tunayemgombania alikuwa wa saba. Mtanzania wa kwanza kufika huko. Mambo hayakumwendea vizuri uwanjani. Msimu ule ule wa kwanza akapelekwa kwa muda ligi ndogo, na baadaye akahamishwa timu hadi timu. Watanzania tukamcheka miaka mingi.

Lakini tulichokosa kukiona ni hiki. Mshahara wa mchezaji mpya hupangwa kwa namba aliyochaguliwa. Namba ya pili ina bei yake, awe katoka Chicago au Temeke. Thabeet alilipwa zaidi ya dola milioni 4 mwaka wa kwanza, na miaka miwili ya mwanzo kocha akimweka benchi haimpunguzii hata senti. Karatasi ilimlinda siku ambazo mchezo ulimkataa. Hiyo ndiyo kazi ya mkataba. Mtu aking'ara kila siku atapata wa kumlipa tu. Mkataba unahitajika siku ya goti kuvunjika.

Nazungumzia goti kwa sababu. Katika meza ile ile alikuwepo kijana mrefu sana, analinda mlango wa duka la vitambaa hapa mtaani. Ukimwona tu unajua amecheza. Alicheza nyumbani, klabu sitaitaja. Aliumia goti mazoezini, akalala kwao miezi, klabu ikamletea maji ya matunda na pole. Tukamuuliza mkataba wako ulisemaje? Akajibu kwa upole: "Mkataba gani, kaka? Tulipeana mkono." Yule mzee wa "wizi mtupu" akanyamaza.

Ndugu zangu, huyo si peke yake. Kwetu kwa muda mrefu mchezaji wa kikapu amelipwa kwa kazi nyingine. Timu ni za majeshi, bandari, benki, mashirika ya umeme. Kenya kuna Ulinzi ya jeshi na KPA ya bandari ya Mombasa. Rwanda kuna APR ya jeshi na REG ya shirika la nishati. Sikatai, ajira hizo zimelisha familia nyingi, na mtu akistaafu mpira anabaki na kazi. Ila matokeo yake ni kwamba mchezo wenyewe haujawahi kuhesabiwa. Hakuna anayejua mechi moja inaingiza nini, kwa hiyo hakuna anayejua mchezaji anastahili nini. Na aliye nje ya mashirika hayo anaishi kwa nauli na ahadi.

Kisha ikaja Ligi ya Kikapu ya Afrika, BAL, iliyoanza Kigali mwaka 2021. Nyuma yake ipo NBA Africa, kampuni ambayo mwaka huo huo wa 2021 ilithaminiwa karibu dola bilioni moja. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. City Oilers ya Uganda imefika, Dynamo ya Burundi imefika, na mwaka 2025 Nairobi City Thunder ikawa timu ya kwanza ya Kenya kufika. Lakini klabu inaingia kwa tiketi ya nyumbani, na mchezaji analipwa na klabu yake. Ligi ina wadhamini wakubwa, na kijana bado ana mkono aliopewa na katibu wa klabu.

Na hapa ndipo nafika kwenye kifua.

Machi 2024, Pretoria, kama saa moja kwa gari kutoka hapa Fordsburg, Dynamo ya Bujumbura ilikuja kucheza BAL. Jezi za ligi zilikuwa na maandishi ya mdhamini, "Visit Rwanda". Januari ya mwaka huo Burundi ilikuwa imefunga mpaka wake na Rwanda, ikiituhumu jirani yake kusaidia waasi, tuhuma ambazo Kigali ilizikana. Mechi ya kwanza Dynamo wakayafunika maandishi yale na wakawafunga Cape Town Tigers. Ligi ikasema vaeni jezi kama ilivyo. Amri kutoka nyumbani ikasema msivae. Mechi mbili zilizofuata hawakucheza, wakapoteza kwa kanuni, wakaondolewa mashindanoni.

Warundi wa hapa waligawanyika, na sitaki kuingilia ugomvi wa serikali mbili. Kila mmoja ana maumivu yake. Mkongo wa Goma aliyekaa nasi mezani ana ya kwake tangu mji wake ulipotekwa Januari 2025. Mimi nauliza jambo dogo. Serikali moja ilinunua nafasi kwenye kifua cha kijana yule. Serikali nyingine ikamkataza asikionyeshe. Ligi ikapokea fedha ya mdhamini na ikatetea mkataba wake. Shirikisho likatetea bendera. Katika wote hao, ni nani aliyesema kwa niaba ya mwenye kifua? Alifanya mazoezi mwaka mzima, akafika Pretoria, akashinda mechi moja, akarudi nyumbani. Angekuwa na chama cha wachezaji, angalau pangekuwa na mtu wa kugonga meza na kuuliza: na siku zake zilizopotea atazilipa nani?

Najua jibu litakalotolewa. "Ligi zetu ni changa, hazina fedha, mkianza kudai mtaziua." Hoja hiyo tusiidharau, maana klabu nyingi kweli zinaishi kwa mfuko wa mtu mmoja mpenzi wa mchezo, siku akichoka timu inakufa. Lakini nilisema nitarudi Boston. Wale wa 1964 nao waliambiwa ligi haina fedha, na kwa vipimo vya leo haikuwa nazo. Hawakudai mamilioni. Walidai pensheni. Kidogo kinachojulikana hugawanyika. Kinachofichwa, hata kiwe kingi, hakigawanyiki. Asiyetaka kufungua daftari asituambie halina kitu.

Wengine watasema subirini nyota wetu watajirike, watasaidia. Ni kweli wanasaidia. Marehemu Dikembe Mutombo alijenga hospitali Kinshasa kwa jina la mama yake. Bismack Biyombo wa Lubumbashi alitoa mshahara wake wa msimu wa 2021/22, dola milioni 1.3, kujenga hospitali Kongo. Luol Deng akawa rais wa shirikisho la Sudan Kusini mwaka 2019, akatoa fedha zake mfukoni, na Julai 2024 timu ile iliwakaribia Wamarekani kwa pointi moja tu jijini London, 101 kwa 100, kabla ya kwenda Olimpiki ya Paris. Mungu awalipe. Lakini nchi haiendeshwi kwa sadaka ya warefu wake watatu.

Na mtaa huu una somo lake. Machi 1922 wachimbaji wazungu waliogoma walijikusanya hapa hapa Fordsburg, na serikali ya Jan Smuts ikawapiga kwa mizinga na ndege mpaka wakashindwa. Wenye migodi walitaka kumwingiza Mwafrika kwenye kazi zao kwa malipo duni. Wengi wa wagomaji, badala ya kudai Mwafrika naye alipwe haki yake, walidai afungiwe mlango. Chama kinachowatetea wa juu kwa kuwakanyaga wa chini hakifiki mbali, maana tajiri daima atamtafuta wa bei ndogo. Kwa hiyo nikisema chama cha wachezaji, simaanishi cha mastaa wa taifa peke yao. Namaanisha hata yule wa akiba asiyeingia uwanjani.

Basi tudai nini?

(a) Kila mchezaji wa ligi ya juu awe na mkataba wa maandishi, kwa lugha anayoielewa, na nakala akae nayo yeye.

(b) Bima ya majeraha iwe sharti la klabu kusajiliwa. Klabu isiyoweza kumtibu kijana isimchezeshe.

(c) Mashirikisho yatangaze mapato na matumizi kila mwisho wa msimu, na fedha za udhamini zionyeshwe peke yake.

(d) Sehemu ya udhamini wa jezi, hata asilimia 10 kwa kuanzia, iende kwa wanaozivaa.

(e) Kiundwe chama kimoja cha wachezaji wa Afrika Mashariki, kutoka Mogadishu hadi Lubumbashi. Viongozi wetu wana jumuiya yao. Wachezaji wana nini?

Na sisi wa ughaibuni tuna deni letu. Tunatuma viatu na mipira, tunapiga picha, tunarudi kwenye chai. Miongoni mwetu wapo wanasheria na wahasibu. Mkataba mmoja ukisomwa vizuri kabla ya kusainiwa unamfaa kijana kuliko jozi kumi za viatu.

Nilipoondoka usiku ule, yule kijana mrefu alikuwa amesimama tena mlangoni kwake, goti moja limelegezwa kidogo, kifuani ana jina la kampuni ya ulinzi. Nikamuuliza, na hawa je, wamekuandikia? Akatabasamu, akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Hawa wameandika," akasema.

Nawasilisha.